Hizi Ni Ndogo Tu, Mjomba

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang ulimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh, Gendabi na Jorodom, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mpwa wangu anayeishi Katesh alinusurika pamoja na mkewe na watoto, lakini nyumba yao ilijaa tope hadi usawa wa madirisha. Wiki kadhaa baadaye, wakiwa bado wanachota tope kwa makoleo na kuanika chochote kinachoanikika, alinipigia simu. Tulipomaliza salamu na habari za majeruhi, akanieleza kwamba wamelifukua kasha la chuma alimokuwa akifungia bunduki yake ya .22, aliyoirithi kwa marehemu baba yake na kuihamishia kibali kwa taratibu zote. Kasha lilikuwa limeingia maji na tope. Bunduki alikwisha kuifuta. Risasi alikuwa amezianika juani, juu ya bati.

Kati ya hizo risasi kulikuwa na kopo dogo la duara lenye zile fupi za nguvu hafifu, ambazo baba yake aliachiwa miaka ya 1980 na mtaalamu mmoja wa kigeni wa mashamba ya ngano. Zile za kawaida, alisema, atazipeleka polisi akaulize cha kufanya. Lakini hizi za kopo, kwa kuwa zimeshakauka, si anaweza kuzimalizia kwa panya waliovamia mahindi yaliyosalia?

"Hizi ni ndogo tu, Mjomba," akasema.

Nilimwomba asiingize hata moja kwenye bunduki, wala asifyatue chochote kabla mtutu haujaangaliwa kwa ndani. Alikubali kwa heshima, ila nilisikia katika sauti yake kwamba hakuiona sababu. Hilo neno "ndogo tu" nimelisikia Mbulu na nimelisikia Hanang, kwa watu wazima wenye akili zao, na mara nyingi nililisikia muda mfupi kabla ya jambo baya kutokea au kuepukwa chupuchupu. Simu ilipokatika, nilikaa nikiyakumbuka hayo yote kwa mfuatano wake.

Nilizaliwa upande wa Tlawi, kwenye milima ya Mbulu, wakati wilaya hiyo ilikuwa moja kubwa iliyobeba hata Hanang. Hanang ilikuja kuwa wilaya yake mwaka 1985, na Mkoa wa Manyara ukazaliwa mwaka 2002. Baba Mkubwa wangu alikuwa ametumikia idara ya wanyama tangu enzi za mkoloni, mmoja wa wale askari waliofuatana na Bwana Nyama porini, na alipostaafu alirudi kulima mahindi na maharage kwenye mteremko unaotazamana na msitu. Tumbili na nyani walikuwa adui wa kila msimu. Alikuwa na kibali cha bunduki ya .22 ya komeo, kazi ya mafundi wa Brno kule Chekoslovakia, kitako chake kimekwanguka kwa miaka mingi ya kuegemezwa kwenye mawe lakini mtutu hauna hata doa la kutu.

Sisi wavulana tulimfuata shambani tukitarajia kufundishwa shabaha. Kwa muda mrefu hakutugusisha hata kitako. Tulikaa nyuma yake, kimya, na kazi yetu ilikuwa kusikiliza. Risasi ya kawaida ya .22 ina mlio mkali na mfupi, kama kiboko kinachopasua hewa. Alitaka tuuzoee mlio huo mpaka masikio yetu yashtuke wenyewe yakisikia mwingine. Alikuwa akituuliza baada ya kila risasi: "Imelia vizuri?" Nasi tulijibu kama darasa zima, tukidhani anatupa tu cha kufanya ili tusichoke kukaa.

Wanaoijua Mbulu wanaujua ukungu wa Juni na Julai. Unashuka usiku na unaweza kukaa shambani hadi saa nne asubuhi, na nguo zilizoanikwa jana zinaamka mbichi kuliko zilivyolala. Asubuhi moja ya namna hiyo Baba Mkubwa alimlenga tumbili aliyekaa juu ya kichuguu pembeni mwa shamba, akafyatua, na sauti iliyotoka ilikuwa mnong'ono wa kifua tu. Tumbili hakutikisika, alitutazama. Kwenye udongo wa kichuguu halikutokea vumbi. Binamu yangu akaruka: "Umemkosa, Baba! Piga tena, bado yuko!"

Mkono wa Baba Mkubwa haukwenda kwenye komeo. Alibaki vilevile, mtutu umekielekea kichuguu, kidole kimetoka kwenye kifyatulio na kulala ubavuni, akahesabu kwa sauti ya chini hadi thelathini na kupita. Risasi iliyogongwa ikanyamaza inaweza kuwa inachelewa tu, na wakati huo komeo likifunguliwa, ganda hulipuka usoni. Alipotosheka, akafungua taratibu, akalitoa ganda na kutuonyesha. Ndani yake mlikuwa na punje za baruti ambazo hazikuungua, zimeshikana kwa unyevu. Halafu akalichomoa komeo lote, akaliweka juu ya kitambaa, akauinua mtutu uelekee mbinguni na kutuita mmoja mmoja tuchungulie kwa nyuma.

Nilikuwa nimewahi kuchungulia humo siku alipokuwa anasafisha. Mtutu safi unaonyesha duara la mwanga mwishoni, na mifereji inayojizungusha hadi kwako, inang'aa. Siku hiyo niliona giza tu. Kile kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya njia.

"Sasa niambie," akamwuliza binamu yangu, "ningepiga tena, hiyo ya pili ingepita wapi?"

Hakuna aliyejibu. Jibu lenyewe ni kwamba isingepita. Ingekikuta cha kwanza, moshi na msukumo wote ungebanwa nyuma yake, na chuma kingevimba au kupasuka, sentimita chache kutoka kwenye mkono wa kushoto wa mpigaji. Bunduki ikarudishwa nyumbani ikiwa haina komeo, na siku ileile akaipeleka mjini kwa mtu mwenye ufito wa shaba unaojaa sawasawa na tundu, akatolewa kile kichwa bila kuikwaruza mifereji.

Jambo lililonibakia ni kwamba zile hazikuwa risasi hafifu. Pakiti yake ilikuwa ya risasi za kawaida kabisa. Risasi ya .22 haina fataki katikati ya kitako kama zile za bunduki kubwa. Fataki yake imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, mzunguko mzima, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo. Ganda ni jembamba ili lipondeke linapogongwa, na kichwa kimebanwa tu mdomoni mwake. Unyevu au mafuta yakipenya pale mdomoni, baruti hulowa. Fataki ikiwa pungufu mahali pini inapogonga, baruti huungua nusu au haiungui. Zile za Baba Mkubwa zilikuwa zimelala kwenye mfuko wa ngozi msimu mzima wa masika. Ukungu wa Mbulu ulizipunguza nguvu bila kuandika lolote kwenye pakiti. Tangu siku hiyo alizihifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kusokota, mbali na bunduki, na zilizokaa nje muda mrefu hakuzipiga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilipata kazi ya ukarani wa ghala katika mojawapo ya mashamba makubwa ya ngano ya Hanang. Mashamba yale yalikuwa ya shirika la umma, NAFCO, na yalianzishwa kwa msaada wa Kanada kuzunguka Basotu: makumi ya maelfu ya ekari za ngano, matrekta na mashine za kuvuna, juu ya ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia tangu enzi za babu zao. Mgogoro huo ulifika mahakamani, na wanakijiji wa Mulbadaw walikuwa miongoni mwa walioshtaki. Una haki ya kuandikwa peke yake, na sitaubana hapa kwa sentimita mbili.

Ghala la ngano bila panya sijaliona. Mtaalamu mmoja wa kigeni alikuja na makopo ya risasi fupi za .22, kichwa kidogo na ganda fupi, za kuulia panya na njiwa ndani ya majengo. Aina hiyo ni ya zamani kuliko nyingi. Mfaransa Flobert alibuni babu yake mwaka 1845, risasi isiyo na baruti kabisa, ambayo fataki peke yake ndiyo inayosukuma kichwa. Nyingine huongezewa chembe ya baruti. Mlio wake ni mdogo sana, mlinzi wa lango asingeusikia. Yule mtaalamu, nimpe haki yake, alikuwa mwangalifu. Alipanga magunia ya mchanga nyuma ya kila alipolenga, alipiga risasi moja moja akiiingiza kwa mkono, na baada ya kila mlio alikwenda kulitazama tundu kabla ya kuingiza nyingine.

Aliporudi kwao likizo, makopo yalibaki na utaratibu ukaondoka naye. Jioni moja mtu mmoja wa kazini kwetu aliingia ghalani na bunduki nyingine, yenye mtutu mrefu zaidi ya sentimita 60, na kopo mfukoni. Nilikuwa mezani kwangu nikifunga daftari. Nilisikia mlio wa kwanza, wa pili, halafu wa tatu ambao ulikuwa pungufu ya ile miwili. Masikio yangu ya Tlawi yakashtuka. Nilisimama, na kabla sijafika mlangoni nikasikia mlio wa nne, mzito, ambao haukuwa wa kopo wala haukuwa wa kawaida.

Alikuwa amekasirishwa na panya aliyepigwa akaendelea kutembea. Alidhani amekosa shabaha, akaona kopo halifai, akaingiza risasi ya kawaida.

Mungu alimsaidia, hakuumia. Kesho yake niliushika ule mtutu. Kwa macho haukuonyesha kitu zaidi ya kivuli chembamba, pete ya mwanga uliokaa vibaya, robo tatu ya njia kuelekea mdomoni. Lakini kidole gumba kikipita juu yake kilipanda na kushuka. Chuma kigumu kiasi kile kilikuwa kimevimba kwa sababu ya kitu chenye uzito usiofika gramu 2 kilichokaa kimya ndani yake.

Nimeeleza kisa hiki mara nyingi na bado watu huuliza: risasi iliyoweza kutoka kwenye bastola itashindwaje kutoka kwenye bunduki ndefu? Hapo ndipo hesabu ya wengi inapogeuka. Tumezoea kwamba mtutu mrefu huongeza nguvu, na kwa risasi zenye baruti nyingi ni kweli. Lakini moshi unaosukuma ni kiasi kile kile kimoja, na kadiri kichwa kinavyosonga mbele, nafasi nyuma yake inaongezeka na msukumo unapungua. Hata .22 ya kawaida inakuwa imemaliza karibu nguvu yake yote ya kusukuma ikifika sentimita 40 au zaidi kidogo. Baada ya hapo kichwa kinakwenda kwa kasi iliyokwisha kuipata, huku mifereji ikikikwaruza. Risasi ya fataki tupu inafikia hali hiyo mapema mno. Kwenye mtutu mfupi inakuwa imeshatoka. Kwenye mrefu bado ina safari, na mtutu ukiwa mchafu, mkavu au wenye kutu, safari inaishia ndani.

Watengenezaji wanalijua hili na wanaliandika. Kampuni ya Aguila ya Mexico hutengeneza aina iitwayo Colibri, ambayo haina baruti: kichwa chake kina gramu 1.3 hivi na kasi yake ni kama mita 115 kwa sekunde, wakati .22 ya kawaida ina kichwa cha gramu 2.6 na kasi ya mita 320 hadi 380. Colibri ni ya bastola, na onyo lake ni kutoitumia kwenye bunduki ndefu, kwa sababu hii hii ya kukwama. Ziko nyingine za kimya, mfano ile ya CCI ya Marekani iitwayo Quiet-22, zenye kichwa cha uzito kamili na baruti iliyopunguzwa, kasi yake mita 215 au zaidi kidogo, na hizo zimeundwa zitoke hata kwenye mtutu mrefu. Mtu akiziweka zote mezani bila pakiti, nyingine zinafanana kama mapacha. Kwa hiyo risasi hafifu iliyotengana na pakiti yake, iliyomwagwa mfukoni au kwenye chupa ya dawa pamoja na nyingine, mimi siipigi na simshauri mtu aipige.

Ghala lile lilinifundisha na mengine madogo madogo. Bunduki inayojipakia yenyewe haipati msukumo wa kutosha kutoka kwa risasi hizi, ganda linabaki nusu ndani nusu nje, na watu huanza kuvuta na kupiga vitu ambavyo havitakiwi kupigwa. Komeo la mkono ndilo lake. Ganda fupi likipigwa mara nyingi kwenye chemba ndefu huacha pete ya masizi mbele yake. Siku utakayorudi kwenye risasi ya kawaida, itagoma kuingia mpaka mwisho, na niliwahi kumkuta kijana akiisukuma kwa kulipiga komeo na kiganja. Fataki iko kwenye ukingo, na ukingo ndio aliokuwa akiugonga. Chemba husafishwa kwa brashi kabla ya kubadilisha aina. Na shabaha si ile ile: kwa mita 25, .22 ya kawaida hushuka sentimita 3 hivi kutoka kwenye mstari wa mtutu, lakini ile ya fataki tupu hushuka zaidi ya sentimita 20. Mtu asiyejua hilo hulenga kichwa akapiga mguu.

Hili la kupiga pasipolengwa linaniuma mpaka leo. Pembeni mwa nyumba za wafanyakazi kulikuwa na mikaratusi, na juu yake aliishi tumbili aliyepigwa taya na mmoja wa wenye makopo. Hakufa. Tulimwona siku nyingi akishuka kuokota mahindi na kushindwa kuyatafuna, uso umevimba upande mmoja, na watoto wakimtupia mawe. Mpigaji alikuwa anasema alitaka tu kumfukuza. Risasi si ya kufukuzia. Mwenye haki ya kisheria ya kumwua mnyama, na porini kwetu haki hiyo hutoka kwa mamlaka ya wanyamapori na si kwa hasira ya mkulima, anadaiwa pia kumwua mara moja. Kwa kiumbe kinachozidi ukubwa wa panya, risasi hafifu haiwezi kulipa deni hilo.

Kutoka shambani kwetu hadi Ziwa Basotu hapakuwa mbali. Siku za mapumziko vijana fulani walikwenda kulenga bata na .22 ya kawaida, wakipiga kwa kulala kando ya maji. Niliandamana nao kuogelea mahali pasipo viboko. Walikuwa wakifurahia jinsi risasi inavyogusa maji, inaruka, na kuacha mstari mweupe. Hakuna aliyejiuliza mstari ule unaishia wapi. Baadaye kidogo tulimwona mzee wa Kibarabaig akilizunguka ziwa kwa miguu, shuka begani na fimbo mkononi, bila haraka. Alipofika hakupandisha sauti. Alisema, "Ng'ombe wangu wanakunywa upande ule. Watoto wanaowachunga wako upande ule." Halafu akasimama akawatazama mmoja baada ya mwingine mpaka bunduki ikafunguliwa na kuvuliwa komeo.

Pakiti za .22 huonya kwamba risasi inaweza kufika maili moja na nusu, yaani karibu kilomita 2.4. Ng'ambo alikotoka yule mzee haikuwa mbali kiasi hicho. Maji, ardhi ngumu, mwamba na sakafu ya saruji vyote hudundisha risasi inayovigonga kwa pembe ya ulalo, na kichwa cha risasi laini kinachokwenda polepole hudunda zaidi kwa sababu hakivunjiki. Kinabaki kizima na kinaendelea kwa njia ambayo mpigaji hakuichagua. Risasi hafifu haifiki mbali kama ile ya kawaida, hilo ni kweli, lakini kwa mtu aliyesimama hatua 30 pembeni ufupi huo haumsaidii. Jicho la mtoto halihitaji kasi kubwa. Katika ghala letu kipande kimoja kiliwahi kugonga sakafu, kikagonga bati la ukutani na kurudi kikatua ndani ya kikombe cha chai cha mpakiaji wa magunia, cheusi, kimebapa upande mmoja. Alikitoa kwa vidole, akakitazama, akamwaga chai.

Miaka ya baadaye shughuli zilinipitisha Yaeda Chini, nikalala jirani na kambi ya Wahadzabe. Asubuhi kijana mmoja alimlenga ndege kwa upinde, akamkosa. Nilidhani atatwaa mshale mwingine. Akaenda moja kwa moja kwenye majani, hatua nyingi, na kuuokota ule wa kwanza bila kuhangaika, kwa kuwa kabla hajauachia alikuwa ameshaona utakapoangukia. Mshale ni kazi ya mikono ya siku nzima, hauachwi upotee. Risasi ya .22 ni bei ya chini na hakuna anayekwenda kuiokota, ndiyo maana ni rahisi kuifyatua bila kujua mwisho wake. Niliporudi nilianza kuwafundisha vijana wenye vibali kwa utaratibu huo: kabla ya kuingiza risasi, nionyeshe kwa kidole mahali itakapolala. Asiyeweza kuonyesha hapigi.

Mwaka 2016, serikali ilipoendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, nilimsindikiza shemeji yangu, baba wa huyu mpwa, kupeleka bunduki yake. Wakati huo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilikuwa mpya. Nilipenda kuona wazee wakiwa kwenye foleni na bunduki zao zimefungwa kwenye magunia na blanketi, vibali vya karatasi iliyokunjwa mara nyingi vikiwa mifukoni. Mwaka 2023, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Oktoba, ukatolewa msamaha kwa wenye silaha zisizo halali wazisalimishe bila kushtakiwa. Hatua hizo zinahesabu silaha na wamiliki, na zinahitajika. Yaliyomo ndani ya kopo, yamekaa miaka mingapi, yanafaa mtutu gani, hayo yanabaki kwa mwenye bunduki na kwa wanaompenda kiasi cha kumuuliza.

Kwa hiyo nilipanda basi kwenda Katesh. Njia zilikuwa zimesafishwa, lakini pembeni bado kulikuwa na mawe makubwa yaliyokaa mahali pasipo pake, na paa la nyumba moja limelala chini, zima, bila kuta. Mpwa wangu alinionyesha bunduki. Kwa nje aliifuta vizuri mno, ikang'aa mafuta. Nikamwambia achomoe komeo, mtutu tukauelekeza kwenye ukuta wa mawe, kisha tukauinulia mwanga. Alichungulia yeye kwanza. Akachungulia tena. Kisha akaniachia nami nikaona giza lile lile nililoliona Tlawi nikiwa mtoto. Tope jembamba la Hanang lilikuwa limeingia kwa mdomo wa mtutu, likakauka humo, urefu wa kiganja kizima.

Tulikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza kama zile ndogo zingeweza kulisukuma nje. Nikamweleza habari ya ghala la Basotu, ya pete chini ya kidole gumba. Hapo alielewa. Risasi iliyolowa, ambayo hata ikiwa kavu haina uhakika wa kutoka kwenye mtutu mrefu kama ule, angeiingiza nyuma ya kizibo cha udongo, jikoni kwake, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili.

Tulizipeleka zote polisi, za pakiti na za kopo, zimefungwa kwenye kitambaa kikavu, pamoja na bunduki bila komeo na kibali chake. Hatukuzitupa chooni wala kuzichoma pamoja na takataka za mafuriko. Motoni ganda hupasuka na vipande vyake huruka. Huko nyumbani mkewe alikuwa ameshawaosha watoto mikono kwa sabuni, kwa sababu walizichezea zilipokuwa zimeanikwa, na mdogo wao alikuwa ameshaweka moja mdomoni. Madini yake ni sumu, na kwa mtoto sumu hiyo huharibu ubongo polepole. Tulikubaliana kwamba bunduki ikirudi kutoka kwa fundi mwenye leseni, atanunua risasi mpya za kawaida za duka linalotambulika, azitunze kwenye pakiti yake ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na tundu la mtutu liangaliwe kila anapoitoa kashani na kila anapoirudisha.

Mjukuu wangu wa kiume, mwenye miaka kumi, alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza muda wote. Akauliza: "Babu, na panya je?" Nikamwambia panya tutawatengenezea mitego sisi wawili mchana ule, na mahindi yahamie kwenye kihenge cha bati. Akakimbia kutafuta waya.